Kipimo kilisema maji yapo, bomba la zahanati lilikuwa kavu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua za wasomaji. Mimi ni mama wa miaka 51, mhudumu wa pampu katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma. Kazi hii naifanya mwaka wa kumi na moja sasa, chini ya chombo chetu cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Nawasha pampu, naizima, nasoma mita, nanunua luku, yaani umeme wa kulipia kabla, naandika kwenye daftari, na maji yakikatika mlango unaogongwa ni wangu.

Nataka kuzungumzia kile kipimo cha tenki kinachopima maji kwa sauti na kutuma meseji kwenye simu. Sisi tulifungiwa mwaka juzi. Mafundi wanakiita sensa. Wazee wetu waliposikia neno hilo waliuliza kama tunahesabiwa tena, kwa hiyo hapa kijijini tukakubaliana kukiita kipimo, nami nitakiita hivyo.

Nianze kwa kusema kwamba nilikifurahia na bado nakifurahia. Kisima chetu kiko bondeni karibu na korongo, tenki liko juu ya kilima. Kutoka nyumbani kwangu hadi kwenye pampu ni nusu saa kwa mguu. Kutoka kwenye pampu hadi kwenye tenki ni nusu saa nyingine, na hiyo ni ya kupanda. Miaka yote ya nyuma, nilipotaka kujua kama tenki limejaa, nilipanda kilima, nikapanda ngazi ya chuma, nikafungua mfuniko na kuteremsha ufito wenye alama za kisu. Masika ngazi ile inateleza. Mara nyingi nilifika juu nikakuta maji yamekwisha kumwagika kwa saa nzima kupitia bomba la kufurikia, yakitiririka kwenye mawe, na umeme wa luku umeteketea bure. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba tenki litaniandikia meseji lenyewe, nilimshukuru Mungu.

Usiku mmoja wa Agosti mwaka jana, saa nane kasoro, simu yangu ililia. Alikuwa dada muuguzi wa zahanati. "Mama, nina mzazi yuko mezani, nafungua bomba halitoi kitu." Nikatazama meseji ya mwisho ya kipimo: asilimia 28. Nikamwambia avute subira, huenda koki ya kwao imefungwa. Akajibu ameshaangalia, iko wazi. Nikaamsha vijana wangu wawili, tukabeba ndoo nne kutoka kwenye pipa langu hadi zahanati. Mzazi alijifungua salama. Kulipopambazuka nikapanda kilima, nikafungua mfuniko, nikamulika tochi ndani. Maji yalikuwa usawa wa mdomo wa bomba la kutokea, chini yake tope. Hapakuwa na lita hata moja ya kumpa mtu, na simu mkononi mwangu bado inasema asilimia 28.

Nimechukua muda mrefu kuelewa kilichotokea, na nataka nikieleze kwa lugha yetu, kwa sababu kijitabu kilichokuja na kifaa kile ni cha Kiingereza chote na hakuna aliyenisomea.

Kipimo kinafungwa juu, uso wake ukitazama maji. Kinapiga mlio ambao sikio la binadamu halisikii. Mlio unashuka, unagonga maji, mwangwi wake unarudi. Kifaa kinahesabu muda wa safari hiyo. Hewa ikiwa na joto la nyuzi 20, sauti huenda kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kwa kujua muda kinapata umbali kutoka usoni kwake hadi juu ya maji. Kinachopimwa ni huo umbali tu. Kina cha maji kinakipata kwa hesabu ya kutoa: kinachukua namba ambayo mtu amekiandikia, yaani umbali kutoka usoni kwake hadi sakafu ya tenki, kisha kinatoa umbali kilioupima. Namba hiyo ikikosewa, kila meseji itakayotumwa imekosewa, hata kama kifaa ni kipya na ni cha bei kubwa.

Yetu ilikosewa hivi. Mara ya kwanza mafundi wa kampuni iliyopewa kazi walikifunga kwenye shingo ya tundu la kuingilia, juu kabisa, karibu na ngazi ya ndani. Kutoka hapo hadi sakafuni ilikuwa mita 3.50, na ndiyo namba waliyoiandika. Siku tatu mfululizo kikatoa namba ileile, pampu ikiwaka au ikizimwa. Kilikuwa kinasikia kipago cha ngazi. Mlio ule haushuki kama uzi, unapanuka kama mwanga wa tochi. Kwa kifaa cha aina yetu, ukifika chini mita 3 umeshatanuka karibu sentimita 40 kila upande, na chochote kilichomo humo, ngazi, bomba, ukuta, kitaurudisha kabla ya maji. Fundi akaja, akakihamisha kutoka kwenye ile shingo, akakifunga chini ya zege la paa, mbali na ngazi na mbali na bomba la kuingizia. Hapo alifanya vizuri. Lakini shingo ile ina urefu wa nusu mita. Uso wa kipimo ulikuwa umeshuka hadi mita 3.00 kutoka sakafuni, na namba ndani yake ikabaki 3.50. Mimi nilikuwa bondeni kwenye pampu. Sikuitwa juu.

Sasa, ndugu Mhariri, fuatana nami kwenye hesabu, maana hapa ndipo penye maumivu. Tenki letu ni la duara, upana mita 5, na likijaa lina kina cha mita 2.50. Sentimita moja ya maji humo ni kama lita 196, karibu ndoo kumi. Nusu mita ya uongo ni lita 9,800, yaani ndoo 490. Kipimo kiliponiambia tenki limejaa, nami nikazima pampu, zilikuwa zimebaki ndoo 490 kujaza. Na maji yaliposhuka hadi sentimita 20 kutoka sakafuni, ambapo bomba la kutokea halipati tena kitu, chenyewe kilisoma sentimita 70, ambazo ni asilimia 28. Tahadhari ilipangwa kulia asilimia 20. Isingelia kamwe, hata tungengoja mwaka mzima.

Miezi miwili kabla ya usiku ule tuliona maji hayadumu kama zamani. Tukadhani bomba kuu limepasuka. Kamati nzima tulitembea mstari wa bomba kutoka bondeni hadi kilimani, tukichunguza kila penye majani mabichi, tukachimba sehemu tatu. Hakuna aliyewaza kwamba anayetudanganya ni kile kijisanduku cheupe chenye paneli yake ndogo ya sola, kwa sababu kilikuwa kinaandika namba, na sisi tuliziamini.

Aliyetutoa gizani ni kijana mmoja wa hapa aliyesoma mambo ya umeme chuo cha ufundi cha VETA, alipokuja likizo. Alinisalimia, akasikiliza habari yote, kisha akaniuliza, "Mama, mlishawahi kupima kutoka kwenye uso wake hadi chini?" Nikamwambia hapana. Tukapanda wote. Akafunga nati kubwa kwenye ncha ya tepu ya kupimia, mimi nikaishikilia juu sawasawa na uso wa kipimo, yeye akaiteremsha taratibu kwenye maji hadi nati ikagonga sakafu. Nikasoma kwa sauti: mita tatu kamili. Akarudia. Mita tatu kamili. Kisha tukapima hadi mdomo wa bomba la kutokea: mita 2.80. Tulikaa kimya juu ya zege lile, upepo wa Kongwa unatupiga, wote wawili tumeshaelewa.

Kifaa chenyewe kinapokea maelekezo kwa meseji. Unaandika neno la siri, unaandika unachotaka kubadilisha, unatuma kwenye laini yake, kinajibu. Kazi ya dakika mbili. Lakini neno la siri tulikuwa hatuna, na ilichukua wiki tatu za kupiga simu mjini hadi tukapewa. Hapo tukaandika upya. Sifuri yetu hatukuiweka sakafuni, tuliiweka kwenye mdomo wa bomba la kutokea, mita 2.80, kwa sababu maji yaliyo chini ya hapo hayamfikii mtu. Tukikuta sifuri kwenye simu, iwe kweli ni sifuri kwa mama aliye kwenye kilula, lile bomba la jamii la kuchotea maji.

Ndipo tukafika kwenye asilimia ya kutoa tahadhari. Kwa nini 20? Kampuni iliniambia ndiyo kawaida. Nikafungua daftari langu. Asubuhi watu wakiwa kwenye vilula vyote na pampu imezimwa, maji yetu hushuka karibu sentimita 40 kwa saa. Kipimo, ili kutunza betri, husoma kila baada ya dakika 15, kwa hiyo meseji inaweza kuchelewa robo saa. Mimi nahitaji nusu saa kufika kwenye pampu. Hizo ni dakika 45, na ndani yake maji yameshashuka sentimita 30. Kwa tahadhari ya asilimia 20 ya mita zetu 2.30 zinazotumika, nikifika bondeni zimebaki sentimita 16. Siku hiyo luku ikiwa imeisha, au umeme umekatika, tumekwisha. Tukaweka asilimia 35. Sasa nikifika bondeni ninakuta bado ipo nusu mita juu, na pampu yetu ya lita 6,000 kwa saa inapata nafasi ya kupambana. Mtu wa mjini asingeweza kuipata namba hiyo, kwa sababu hajui nyumba yangu iko wapi.

Jambo jingine dogo lililonitesa: maji yakiwa palepale kwenye mstari wa tahadhari, huku wanachota na huku yanaingia, kipimo kinalia, kinanyamaza, kinalia tena. Usiku mmoja nilipata meseji 23. Mtu akipata meseji 23 ataweka simu mbali alale, na ya 24 ndiyo yenye shida ya kweli. Dawa yake ni kukiambia kwamba kikishalia kwenye 35, kisitangaze kwamba hali imetulia mpaka maji yapande hadi 45. Na kila kikisoma, kipige mara tano na kuchukua namba ya katikati, maana pampu ikiwa inaingiza, uso wa maji unacheza.

Sasa nizungumzie namba za simu, na hapa nitasema bila kuficha kwamba niliumia. Meseji ya tenki kujaa ilipangwa ije kwangu. Ya maji kupungua ilipangwa iende kwenye namba mbili za mjini, na ya katibu wetu wa zamani ambaye amekwisha hamia Morogoro. Yaani hata kama hesabu ingekuwa sahihi usiku ule, meseji ingelia kwenye vyumba ambavyo hakuna mtu anayeweza kutembea hadi kwenye pampu yetu. Sasa namba ya kwanza ni yangu, ya pili ni ya kijana anayenisaidia, ya tatu ni ya dada muuguzi. Yeye aliomba mwenyewe. Alisema akijua saa mbili usiku kwamba maji yanapungua, anajaza ndoo zake mapema.

Laini nayo ina habari yake. Ilisajiliwa kwa alama za vidole za fundi mmoja wa kampuni, ambaye baadaye aliacha kazi. Laini ya namna hiyo ikifungiwa, hakuna mwingine anayeweza kwenda dukani kuirudisha. Na haikuwa imetengewa salio. Mwezi wa kumi ilinyamaza siku tisa, nami nikadhani mambo ni shwari kwa kuwa hakuna meseji. Tangu hapo tumekiagiza kituandikie kila siku saa 12 asubuhi, hata kama hakuna tatizo: maji sentimita ngapi, betri volti ngapi, nguvu ya mtandao kiasi gani. Ikifika saa 12 na nusu sijaona kitu, navaa viatu. Laini mpya imesajiliwa kwa jina la chombo chetu, na vocha yake iko kwenye bajeti ya mwezi pamoja na luku na posho ya mlinzi.

Hiyo namba ya betri isidharauliwe. Betri iliyochoka inaweza kupima maji vizuri kabisa, kwa sababu kupima kunahitaji umeme kidogo. Ikifika wakati wa kutuma meseji, sehemu ya simu inaweza kudai hadi ampea 2 kwa mpigo mfupi, umeme unaanguka, kifaa kinajizima na kuanza upya, na meseji haiondoki. Kinakufa dakika ileile unayokihitaji.

Na joto. Siku moja tulifunga valvu ya kutokea ili kutengeneza kiungio, pampu nayo imezimwa. Saa 12 asubuhi kipimo kikasema maji yako kiasi fulani. Saa saba mchana kikasema yameongezeka sentimita 3. Lita karibu 600. Mzee mmoja wa kamati akaniuliza mbele za watu nani anaendesha pampu kwa siri na luku ya nani. Nililia siku ile. Kijana wetu ndiye aliyeeleza kwamba hewa ikipata joto sauti huenda haraka zaidi, kama mita 0.6 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja. Mwangwi unawahi kurudi, na kifaa kinadhani maji yamesogea. Vipo vipimo vyenye kipimajoto ndani vinavyosahihisha jambo hilo. Chetu kinacho, ila kilikuwa kimezimwa kwenye mipangilio. Tulikiwasha kwa meseji moja. Mzee yule alikuja nyumbani kuomba radhi, na tumesameheana.

Naomba basi, wenzetu wa RUWASA, ambayo ndiyo tangu sheria ya mwaka 2019 inayosimamia maji vijijini, pamoja na wafadhili na kampuni zinazopewa kazi hizi: msitukabidhi kipimo kwa kupiga picha na kusaini karatasi. Mpandisheni mhudumu juu ya tenki. Ashike tepu yeye, asome namba yeye, iandikwe kwenye daftari la kijiji na tarehe. Kipimo kikihamishwa hata kwa kiganja kimoja, apande tena apime. Kisha fungueni maji mbele yake, yashuke kweli hadi kwenye tahadhari, na msiondoke mpaka simu yake imelia mkononi mwake. Najua hilo linamaliza maji na muda wa siku nzima. Mtupe neno la siri, na mtupe maelekezo kwa Kiswahili, hata kama ni karatasi moja.

Na kwa wahudumu wenzangu ambao mnacho tayari: kesho asubuhi pandeni na tepu. Mkifika juu, upapaseni uso wa kipimo. Wakati wa baridi, Juni na Julai, mvuke wa tenki unaganda pale kama matone ya umande na unauziba mlio. Mimi nafuta taratibu kwa ncha ya khanga, bila kukwaruza. Angalieni pia kwamba maji yakijaa kabisa yanabaki chini ya uso huo angalau sentimita 30, maana yakisogea karibu mno mwangwi unarudi kabla kifaa hakijamaliza kupiga mlio wake, na namba zinakuwa za ovyo. Kijiji jirani walikuwa na shida hiyo kila tenki lilipojaa, wakabadilisha vipimo viwili bila sababu.

Daftari letu liko ofisi ya kijiji. Ukurasa wa kwanza una mchoro wa tenki wenye zile namba tatu: 3.00 hadi sakafuni, 2.80 hadi mdomo wa bomba, 0.50 hadi maji yakijaa. Mhudumu yeyote wa Kongwa au Mpwapwa anayetaka kuja kuona tulivyopanga chetu aje tu, tutapanda naye. Leo saa 12 asubuhi kimeniandikia sentimita 164, betri volti 3.9, mtandao 17. Nilipanda kuhakikisha kwa ufito wangu wa zamani, nikausimamisha kwenye mdomo wa bomba la kutokea. Ulisoma 163.

Mhudumu wa pampu,
Kongwa, Dodoma